Usingizi Ukikimbia, Aendewe Nani?

Katika mji wowote wa pwani yetu, na hata ndani ya bara, mtu aliyekesha siku tatu mfululizo bila ya kuuguza mgonjwa wala kulinda mali, aghalabu huamkia duka la dawa la mtaani, akaeleza haja yake kwa maneno mawili, akauziwa piritoni iliyotengenezwa kwa ajili ya mafua na mzio, au, muuzaji akiwa hana hadhari, diazepamu bila ya cheti cha daktari, naye akarudi nyumbani akidhani kwamba ametibiwa. Simlaumu mtu huyo, maana dhiki ya usiku haina subira, na duka li karibu kuliko hospitali. Lakini nasema bila ya kumung'unya maneno kwamba muuza dawa alistahili kuendewa mwisho, ilhali sisi tumemfanya wa kwanza. Kukosa usingizi ni lalamiko tu, na chini ya lalamiko hilo hujificha maradhi mbalimbali yasiyo na udugu, kila moja na mtaalamu wake. Anayeyapeleka kwa asiyehusika hupoteza fedha, na pengine hupoteza zaidi ya fedha.

Wala si kila mkesha unaohitaji tabibu. Msiba, mtihani, mtoto mchanga na joto la Februari humnyima mtu usingizi kwa siku kadhaa, kisha mambo yakitulia naye hutulia. Wenye elimu hii wamekubaliana kwamba ukosefu wa usingizi huwa sugu pale mtu anaposhindwa kulala vyema angalau siku 3 katika kila juma, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, na wasaa wa kulala anao, na mchana wake ukaharibika kwa sababu hiyo. Mwenye hali hiyo, kabla hajatoka nyumbani, na aandike daftarini kwa majuma mawili saa aliyopanda kitandani, saa anayokisia kuwa alisinzia, mara alizoamka, kahawa na chai alizokunywa, mirungi kama anatafuna, na dawa zote anazotumia. Kwani tabibu mwenye msururu wa watu mlangoni hana njia nyingine ya kuuona usiku wa mgonjwa wake. Na zaidi ya daftari, aende na yule anayelala naye chumba kimoja. Mke, mume au ndugu huyo ndiye shahidi wa mambo ambayo mlalaji mwenyewe hayajui, na ushahidi wake mara nyingi ndio unaoamua mgonjwa apelekwe kwa nani.

Chukua mfano wa kukoroma, ambako kwetu huhesabiwa kuwa mzaha wa nyumbani au dalili ya mtu aliyeshiba akalala vizuri. Wako wakoromaji wasio na neno. Lakini yuko mkoromaji ambaye katikati ya mngurumo hunyamaza ghafula, kifua kikihangaika bila ya hewa kupita kwa sekunde 10, 20, pengine zaidi ya 30, kisha akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo na kuendelea kulala, asikumbuke lolote asubuhi ila kinywa kikavu, kichwa kizito na uchovu usioelezeka. Kilichotokea ni kwamba nyama za koo, zilipolegea usingizini, zimeiziba njia ya pumzi, na ubongo, ulipohisi kwamba oksijeni inapungua damuni, umemzindua mwenyewe apate kupumua. Na jambo hilo laweza kumfika mara 5 kwa saa, ambapo ndipo daraja ndogo ya maradhi huanzia, au mara 30 na zaidi, ambayo ndiyo daraja kali. Maradhi haya hufuatana mara nyingi na shinikizo la damu lisilosikia dawa, na dereva wa basi au lori aliye nayo husinzia usukani ukiwa mikononi. Kumpa mtu wa namna hii kidonge cha kumlaza ni kama kumziba mdomo mlinzi anayepiga yowe ilhali mwizi yumo ndani, kwani kule kushtuka ndiko kunakomwokoa, na baadhi ya dawa za kusinziisha, kadhalika pombe, huzidi kulilegeza koo lile lile.

Huyu basi asingoje miezi mitatu ipite, wala hana haja ya kuanzia kwa mwanasaikolojia. Aanze kwa daktari wa kawaida, apimwe uzito, unene wa shingo na shinikizo la damu, kisha apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu, au wa mishipa ya fahamu, kwa kadiri hospitali iliyo karibu ilivyojaaliwa wataalamu. Na aulize waziwazi kama kipimo cha usingizi kinapatikana, kiwe kile kamili cha kulala hospitalini huku nyaya zikinakili mawimbi ya ubongo, pumzi na mapigo ya moyo, au kile kidogo kinachovaliwa nyumbani. Madaktari waliobobea katika usingizi peke yake ni wachache mno Afrika ya Mashariki, na kipimo hicho hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za miji mikuu, hivyo ni busara kupiga simu kabla ya kupanda basi. Mashine inayosukuma hewa kooni kwa barakoa, ambayo Colin Sullivan aliibuni mjini Sydney mwaka 1980, hutibu vizuri, ila ni ghali na yahitaji umeme usiku kucha. Mtaalamu mwema huuliza habari za umeme wa nyumba yako na bima yako kabla hajaiandika. Kwa mtoto anayekoroma kila usiku shauri ni jepesi zaidi, kwa kuwa aghalabu ni mafindofindo yaliyovimba, na daktari wa koo huweza kuyaondoa.

Tofauti kabisa ni yule ambaye pumzi yake haina ila, lakini akilala chini akili hukataa kumfuata. Jumuiya ya matabibu wa Marekani iitwayo American College of Physicians ilishauri mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza ya mtu mzima wa namna hii isiwe kidonge, bali iwe tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mwenendo wake kuhusu usingizi, nayo huchukua aghalabu vikao 4 hadi 8. Sehemu yake moja yatokana na mafunzo ya Richard Bootzin ya mwaka 1972: kitanda kiwe cha kulalia tu, na anayekosa usingizi aondoke, akae mahali pengine mpaka macho yawe mazito, na kila siku aamke saa ile ile hata kama alilala kidogo. (Mwenye chumba kimoja cha kupanga na watoto wanne ndani yake atauliza aende wapi, mkeka au kiti pembeni mwa chumba chatosha.) Sehemu nyingine ni kupunguza saa za kukaa kitandani zikaribiane na zile anazolala kweli, kisha kuziongeza kidogo kidogo. Majuma ya mwanzo ni mazito na mtu husinzia mchana, kwa hiyo dereva, mwenye kifafa, na mwenye maradhi ya kubadilika hali ya moyo kupita kiasi wasijitwike tiba hii bila ya msimamizi. Na yeyote anayeahidi usingizi mnono usiku wa leo, awe na koti jeupe au asiwe nalo, atiliwe shaka.

Anayeifanya kazi hiyo ni mwanasaikolojia wa tiba, au daktari wa akili aliyeisomea. Najua ya kwamba kutajiwa hospitali za wagonjwa wa akili, Mirembe kwa Mtanzania, Mathari kwa Mkenya au Kidongo Chekundu kwa mtu wa Unguja huleta fadhaa, kwa kuwa majina hayo tumeyafanya matusi. Lakini huduma za afya ya akili zimo pia katika hospitali za kawaida za rufaa. Cheo peke yake hakitoshi: muulize kama amefunzwa tiba ya usingizi hasa, na atapimaje maendeleo yako, kwani nasaha nzuri ya jumla hufariji moyo bila ya kurudisha usingizi. Na yule anayeamka alfajiri mapema akiwa na moyo mzito, asionje ladha ya chakula wala ya maneno ya watu, amwone daktari wa akili mapema, maana hapo usingizi huenda ukawa umeibwa na sonona.

Aliyekwisha kuzoea diazepamu kwa miezi asiiache ghafula, kwani yaweza kumletea degedege. Daktari ampunguzie taratibu. Mwenye miguu inayowasha na kutaka kuchezeshwa kila anapolala, hasa mama mjamzito, aombe kupimwa akiba ya madini ya chuma damuni.

Jinamizi nalo, lile la kuzinduka ukaona huwezi kuinua hata kidole huku kitu kimekukalia kifuani, wengi hulipeleka kwa shehe au mganga, nami siwakatazi kisomo kinachowatuliza. Tangu watafiti Aserinsky na Kleitman walipoeleza mwaka 1953 usingizi wa macho kuchezacheza, ambao ndio wenye ndoto nyingi, imefahamika kwamba katika hali hiyo viungo hulegezwa kwa makusudi, na jinamizi ni akili kuamka kabla ya mwili kufunguliwa. Likija kwa nadra halihitaji tabibu. Likifuatana na kusinzia kwa nguvu mchana, na magoti kukatika mtu anapocheka, huyo ni wa daktari wa mishipa ya fahamu.

Limebaki swali ambalo daktari wa mjini husahau kuliuliza: ulikuwa wapi? Mrina asali, mwindaji au askari wa mbuga aliyeumwa na mbung'o katika mapori ya Tabora, Kigoma au Serengeti, akapata homa, kisha akaanza kulala mchana na kukesha usiku huku tabia yake ikigeuka, huenda ana malale, na aina ya Afrika ya Mashariki huenda mbio kuliko ile ya Magharibi. Huyu haendi kwa mwanasaikolojia wala kwa daktari wa koo. Apimwe damu kwa darubini siku hiyo hiyo, na vijidudu vikionekana, maji ya uti wa mgongo nayo yapimwe daktari akiona haja, na dawa zake Shirika la Afya Duniani huzitoa bure.