Haya si woga: mtoto apandapo jukwaani

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi na fahari ya mwana aijuaye ni yeye, hasa mzazi aliyejaaliwa mtoto mwenye soni, ambaye akiulizwa jina lake na mgeni hujificha nyuma ya buibui la mamake. Mtoto wa namna hiyo akipanda jukwaani, sauti yake ikasikika hadi viti vya nyuma, mzazi hujikuta akifuta machozi hadharani.

Mjini Nairobi majukwaa hayakosi. Liko Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, jirani na Chuo Kikuu, lililofunguliwa mwaka 1952. Miaka ya mwanzo lilitawaliwa na Wazungu na michezo yao, na mtoto wa mwananchi hakuliota. Aidha liko Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, zama za mkoloni. Siku hizi shule hushindana kuanzia mitaani hadi ngazi ya taifa, na miongoni mwa yashindaniwayo ni kukariri mashairi ya Kiswahili, mtoto mmoja mmoja au kundi zima.

Hapo ndipo sisi watu wa pwani tutege sikio. Jamaa zetu wengi waliokwenda Nairobi kutafuta riziki wamelea watoto wao katika mitaa ya magharibi kama Kangemi na Kawangware. Watoto hao huzungumza Sheng barabarani na Kiingereza darasani, na wengine wakija Lamu au Mombasa wakati wa likizo huona taabu hata kumwamkia bibi yao. Shairi lenye vina na mizani humrudishia mtoto lugha ya nyumbani, na kwa mzazi wake hilo ni jambo kubwa kuliko makofi.

Lakini mwenye soni atafikishwaje jukwaani? Wazee wetu walijua njia. Katika maulidi, mtoto hakusukumwa mbele ya umati siku moja. Kwanza alikaa mkekani akisikiliza, kisha akaitikia kasida na wenzake huku matari yakilia, na alipozoea ndipo akapewa mlango wa Barzanji asome peke yake. Hata afikapo hapo, masikio yake yalikuwa yamekwisha kuyajua maneno, na nyuso zilizomtazama zilikuwa za watu wake.

Wazazi wengine siku hizi wataka matunda kabla mti haujakomaa. Mtoto akisahau ubeti mmoja hukaripiwa njia nzima, tangu katikati ya mji hadi Westlands na kwendelea, akiambiwa amewaaibisha. Mwaka ufuatao akiitwa kujiandikisha, huinama akanyamaza. Mzazi husema, "Mtoto huyu ana haya mno." La, hiyo si haya! Huo ni woga, na aliyeupanda ni yeye.

Dini yetu imeihesabu haya kuwa katika imani, hivyo si maradhi ya kutibiwa. Mtoto aweza kuwa na adabu ya macho na ulimi, na bado akasimama akasema wazi lile alilofundishwa. Kinachotakiwa kuondolewa ni woga, nao hauondoki kwa kelele.

Basi, mzazi, baada ya magharibi mketishe mwanao asome ubeti mmoja mbele yako, kesho mbele ya ndugu zake, na keshokutwa amsomee bibi kwa simu. Siku ya tamasha ikifika, keti mahali atakapouona uso wako. Akimaliza, sema Mashaallah, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani au kujigamba mbele ya watu, kwani kijicho hakina macho ya kuona jasho la mwenziwe. Ikiwa kikombe kimepatikana, kitabaki kabatini mwa shule. Ile sauti mtarudi nayo nyumbani.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.