Mdogo wako amejipaka matope? Mwache kwanza

Ukienda ushago Migori au Homa Bay likizo hii, ukute mdogo wako wa PP1 ana matope hadi viwikoni, usianze kumfokea. Hiyo ni kazi ya shule. Mtaala wa CBC umeweka kuchora, kupaka rangi na kufinyanga kati ya shughuli za chekechea. Vidole vinavyokanda udongo hupata nguvu, na ndivyo vitakavyoshika penseli baadaye.

Shida ni wazazi kuuliza, “Sasa A, B, C iko wapi?” Wengine husema rangi ni ghali. Ni kweli, lakini si lazima za dukani. Akina nyanya Waluo wamefinyanga vyungu tangu jadi, na makaa yanachora vizuri tu. Kuta za Thimlich Ohinga, Migori, ni mawe matupu yaliyopangwa bila saruji. Kisiwani Mfangano, Homa Bay, watu wa kale walichora duara nyekundu na nyeupe mwambani. Nani aliwauzia krayoni?

Basi keti naye chini, umuulize amefinyanga nini. Akisema ni ng'ombe, hata kama wewe unaona kiazi, mwache akuonyeshe pembe ziko wapi.