Kabla ya Bembea: Jinsi Bustani ya Umma Inavyopangwa

Wakazi wengi wakisikia bustani ya umma itajengwa, huuliza kwanza kuhusu bembea. Wataalamu wa mipango huanza na maji. Mvua ya masika huonyesha upande unaofurika, na huko hupandwa nyasi na miti, si kujengwa vyoo wala uwanja wa watoto.

Kisha njia. Watu huwa wamekwisha kujikatia vijia vya kwenda sokoni, shuleni na kwenye steji ya bodaboda. Ua ukiviziba, utatobolewa. Ni nafuu kuvitengeneza palepale vilipo. Penye mwinuko, njia ya viti vya magurudumu huhitaji takriban mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kupanda. Nafasi hiyo isipotengwa kwenye ramani, ni vigumu kuipata baadaye.

Vyoo ndivyo huzua mjadala mkali, na inafaa. Viwe karibu na watoto, mlango ukionekana kutoka njia kuu, kwani choo kilichojificha huepukwa jioni, hasa na wanawake. Mabomba ya majitaka yakishazikwa, kukihamisha choo ni sawa na kujenga kingine.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti jukumu la bustani hizi, na umma una haki ya kushirikishwa. Wakati wa kusema ni ramani ikiwa bado karatasi. Mama mboga anayeuza hapo kila siku anajua maji yanapotuama na taa inapohitajika. Mkazi anaweza kuomba kuiona ramani kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi, na kutoa maoni kwa mdomo au kwa maandishi.