Usukani Uliolegea katika Motakaa Kuukuu ya Mbio

Wavuvi wa Matemwe, watokao kwa ngalawa kuelekea upande wa kisiwa cha Mnemba, hawana haja ya kufundishwa hatari ya usukani uliolegea. Vyuma viushikavyo usukani kwenye shetri vikiisha kulika, nahodha hugeuza mkono na chombo hukawia kumtii. Na penye mwamba, kukawia kidogo hutosha kukivunja. Motakaa iliazima jina la usukani kutoka chomboni, na pamoja na jina ikaazima hatari ile ile. Leo twapenda kueleza jinsi ulegevu huo unavyotafutwa na kuondolewa katika motakaa kuukuu za mbio, maana wako wazipendao na kuzitunza, wala si wote wajuao kipi cha kutunzwa na kipi cha kutupwa.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z, motakaa ya Kijapani iliyopata sifa kubwa katika nchi zetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, wakashinda kwa motakaa ya namna hiyo hiyo. Motakaa iliyostahimili njia zile haikuwa dhaifu. Lakini hata chuma kizuri hulika.

Mtambo wake ni huu. Dereva ageuzapo usukani, huzunguka chuma kirefu ambacho mwisho wake una gurudumu dogo lenye meno. Meno hayo hushikana na meno ya ufito uliolala kukingama, ambao mafundi huuita reki. Reki ikienda kushoto au kulia, husukuma na kuvuta fimbo mbili ziitwazo tairodi, nazo hugeuza magurudumu ya mbele. Mwishoni mwa kila fimbo pana kiungo chenye kichwa cha mviringo mfano wa gololi, kikaacho ndani ya kikombe chenye grisi na kufunikwa kwa mpira. Mpira ukipasuka, mchanga na maji ya chumvi huingia. Grisi hugeuka tope la kusagia, na gololi hulika siku kwa siku. Ndiyo sababu motakaa ikaayo karibu na bahari yapasa kukaguliwa mipira yake mara kwa mara.

Basi, dereva akiona usukani wazunguka kidogo kabla ya magurudumu kutii, asikimbilie kukaza nati. Kwanza na ajue ulegevu watoka wapi. Motakaa ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, mtu mmoja autikise usukani polepole huku na huku, na mwingine atazame kila kiungo. Penye kiungo ambacho upande mmoja waenda na wa pili wachelewa, hapo ndipo penye ugonjwa. Kisha motakaa iinuliwe na kuegemezwa juu ya vigingi imara, wala si juu ya jeki peke yake. Gurudumu likitikiswa kwa mikono ya kushoto na kulia likacheza, mara nyingi tairodi imelika. Likitikiswa juu na chini likacheza, mtu mwingine akanyage breki: mchezo ukitoweka, yaelekea ni beringi ya gurudumu, ukibaki, na atazame kiungo cha chini, kile mafundi wakiitacho boljointi.

Kiungo kilicholika hakitibiwi. Kukibana kwa nyundo au kukisheheni vipande vya mpira ni kuuficha ugonjwa tu. Gololi yaweza kuchomoka wakati motakaa yaenda mbio, na hapo aliye ndani na mtoto apitaye kando ya njia wote wamo hatarini. Kiungo hicho hubadilishwa. Fundi mwangalifu huhesabu mizunguko anapokifungua cha zamani, na kipya hukirudishia mizunguko ile ile, ili gurudumu lisipotoke sana. Pini ya kuzuia nati iwe mpya siku zote. Kazi ikiisha, magurudumu hupimwa upya kama yamenyooka, ama sivyo matairi yataliwa upande mmoja.

Reki yenyewe yataka busara zaidi. Kwa kuwa safari nyingi ni za kwenda mbele moja kwa moja, meno ya katikati hulika kuliko ya pembeni. Mtu akiikaza mpaka katikati pasiwe na mchezo, mara nyingine huona usukani wagoma akipinda kona, wala haurudi wenyewe. Kwa hiyo, baada ya kukaza, na augeuze kutoka mwisho hata mwisho. Ukigoma, alegeze, na ulegevu ukizidi, reki haina budi kubadilishwa.

Twajua kwamba mwenye motakaa ya kale huona uchungu kuondoa kitu cha asili. Rangi, viti na taa na avitunze apendavyo, na kiungo cha zamani na akiweke kabatini kuwa ukumbusho. Lakini barabarani, kati ya mkono wa dereva na gurudumu, pasiwe na kitu kichakavu hata kimoja.