Ishara Moja Husema na Dereva Mmoja: Somo la Reli Kutoka Dzaleka

Ndugu msomaji, wewe uliyeko kiwandani au shambani huenda ukauliza: taa za reli za Italia zinanihusu nini mimi ninayefunga marobota ya tumbaku Kanengo, au ninayechuma chai Thyolo? Swali hilo ni la haki. Makala haya yanajaribu kulijibu, na jibu lenyewe tumelikuta Dzaleka, chini ya bati la kibanda cha kuchajia simu.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Wazee wa Malawi wanalikumbuka jina hilo kwa uchungu, maana zamani za utawala wa Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa jela ya wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kuchukua watu elfu kumi hivi. Leo wanaoishi humo wamepita elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ndiyo sababu ukifika sokoni Dzaleka unasikia Kiswahili kila upande, ingawa uko katikati ya nchi ya Wachewa.

Katika kibanda hicho tulimkuta kijana mmoja mzaliwa wa Uvira akiwa na kompyuta ya kukuukuu. Kazi aliyokuwa akiifanya ilitushangaza. Alikuwa akiandika mahali zilipo ishara za reli za Italia, moja baada ya moja, katika ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu. Nyuma yake alikaa mzee mmoja wa Kalemie, ambaye kabla ya vita alikuwa mtu wa pointi katika stesheni ya reli, akimwangalia kimya.

Kwanza tueleze ramani hiyo ni kitu gani. Inaitwa OpenStreetMap, na ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Ramani nyingine nyingi ni mali ya serikali au ya makampuni. Hii hutengenezwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa, mradi ataje imetoka wapi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliitumia kuchora mtaa wao wenyewe, ambao katika ramani nyingi ulionekana kama uwanja mtupu. Dar es Salaam ilifuata kwa mradi wa Ramani Huria, uliochora mitaa na mifereji ili kujua maji ya mafuriko yanapita wapi. Hapa Malawi, mafuriko ya mwaka 2015 yalipoikumba kusini ya nchi, watu wa kujitolea walichora nyumba na njia za huko kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani.

Sasa, katika ramani hiyo kila kitu ni nukta au mstari. Reli ni mstari. Ishara ya reli ni nukta juu ya mstari huo. Lakini nukta peke yake haisemi lolote, kwa hiyo hubandikwa lebo. Lebo ya kwanza husema kitu hiki ni ishara ya reli. Ya pili husema ni ishara ya namna gani. Ya tatu husema inatazama upande gani. Ya nne husema imesimama kushoto au kulia kwa njia, au inaning'inia juu yake. Kisha huandikwa namba iliyochorwa kwenye nguzo, na kama ni taa au ni mkono wa chuma. Tangu mwaka 2011 kuna ramani maalumu ya reli, OpenRailwayMap, inayozisoma lebo hizo na kuzionyesha kwa picha.

Kazi inaonekana nyepesi, lakini sivyo ilivyo. Kila nchi ina lugha yake ya ishara. Italia treni hupita upande wa kushoto, na kwa kawaida ishara husimama kushoto kwa njia. Nyekundu ni simama. Kijani ni pita. Njano humwambia dereva kwamba ishara inayofuata imefungwa, aanze kupunguza mwendo sasa hivi. Nyekundu ikiwaka na kijani chini yake, si simama tena. Maana yake ni pita polepole, unaingia njia ya pembeni. Mtu asiyeijua lugha hiyo akiona nyekundu ataandika "simama", naye atakuwa amekosea.

Hapo ndipo mzee wa Kalemie alipofungua kinywa.

"Mwana, hiyo taa uliyoandika inasema na nani?"

"Inasema na treni, papa."

"Treni gani? Inayokuja ao inayokwenda?"

Kijana akanyamaza. Picha aliyoitumia ilikuwa imepigwa kutoka nyuma ya ishara, na yeye aliandika kana kwamba inamtazama mpiga picha. Mzee akamwambia neno ambalo tuliliandika hapo hapo: ishara moja husema na dereva mmoja, yule anayeijia usoni. Wengine wote wanaona mgongo wake tu. Ukiigeuza, umewadanganya wawili: anayepaswa kusimama hakuambiwa, na asiyehusika ameambiwa.

Kuna mtego mwingine. Katika ramani hii upande wa ishara hupimwa kwa kufuata jinsi mstari wa reli ulivyochorwa, kama ni kwenda mbele au kurudi nyuma. Mtu mwingine akija baadaye akaugeuza mstari bila kuangalia, ishara zote zilizo juu yake hugeuka maana. Basi kijana alifuta, akaangalia picha nyingine iliyopigwa kutoka mbele, akaandika upya. Kwa nukta moja walitumia karibu nusu saa.

Ndugu wafanyakazi, hapa tusimame kidogo tutafakari. Kijana alikuwa na kompyuta na mzee alikuwa na ujuzi. Mzee yule hajapata kufika Italia wala hajui Kitaliano, lakini miaka aliyosimama kwenye pointi usiku, taa ya mkono ikiwaka, ilimfundisha jambo ambalo kompyuta haikumfundisha kijana. Mara nyingi tunaambiwa kwamba mashine mpya zimekuja na maarifa ya mfanyakazi mzee hayana kazi tena. Tuliyoyaona Dzaleka yanasema kinyume. Lebo bila mtu aliyeifanya kazi ni maneno matupu.

Na mambo ya ishara si mchezo. Tarehe 12 Julai 2016, kusini ya Italia kati ya Andria na Corato, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye reli ya njia moja. Watu 23 walikufa. Sehemu hiyo haikuwa na mitambo ya kuzuia treni mbili zisiingie pamoja. Usalama ulitegemea stesheni moja kuipigia simu nyingine. Mwaka 2023 mahakama ya mwanzo iliwatia hatiani wafanyakazi wawili, na wakubwa wakaachiwa. Mwaka huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti, huko Brandizzo karibu na Torino, wafanyakazi watano wa gengi la reli waliuawa na treni walipokuwa wakibadilisha vyuma, njia ikiwa haijafungwa. Treni hiyo ilikuwa ikienda kilomita 160 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo treni hupita mita 44 kwa sekunde moja. Mtu aliyeinamia mataruma hana hata nafasi ya kugeuka.

Tusidanganyane, lakini. Ramani iliyo wazi isingewaokoa watu hao, wala hakuna dereva anayeruhusiwa kuendesha treni kwa kuitazama. Shirika la reli lina vitabu na michoro yake, na hiyo ndiyo sheria kazini. Faida ya ramani ya watu wote ni nyingine. Inamwezesha mwananchi, mwandishi wa habari au chama cha wafanyakazi kuona, bila kuomba ruhusa ofisini, ni sehemu ipi ya reli ina ishara na ipi haina, kivuko kipi kina kizuizi na kipi hakina. Jambo likionekana na wote, ni vigumu kulificha.

Tuje nyumbani. Reli ya Malawi ilifika Lilongwe kutoka Salima mwaka 1979, ikafika Mchinji mwaka 1980, na mwaka 2010 ikaungana na Chipata upande wa Zambia. Upana wake ni milimita 1,067, sawa na TAZARA, wakati reli kubwa za Italia ni milimita 1,435. Tangu mwaka 1999 inaendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba. Inapita Kanengo, penye viwanda na minada ya tumbaku, na watu huivuka kwa miguu asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi. Vivuko vyao vyote vimo kwenye ramani? Je, njia za ndani ya mashamba ya tumbaku ya Dowa na Kasungu zimo, na zahanati, na visima? Ni jambo la kuchekesha na kusikitisha pia kwamba kijana wa Dzaleka anaweza kukuonyesha taa ya Bologna kabla ya kukuonyesha bomba la maji la jirani yake.

Nasi tuna swali la jasho. Kujitolea ni jambo jema. Babu zetu walilimiana mashamba bila kudaiana. Lakini waliolimiana walikula pamoja. Leo makampuni makubwa ya dunia, kama Amazon, Apple, Meta na Microsoft, hutumia ramani hii katika biashara zao. Sheria ya ramani inawaruhusu, nayo inawabana kutaja chanzo na kurudisha kwa watu maboresho ya data wanayoyatangaza. Hata hivyo bando la intaneti la kijana wa Dzaleka linatoka mfukoni mwake, na mfuko huo hauna mshahara. Tena mwaka 2020 kampuni iitwayo Mapillary, iliyokusanya mamilioni ya picha za barabarani kutoka kwa watu wa kujitolea, ilinunuliwa na Facebook. Waliopiga picha hizo hawakuwa na kiti katika meza ya mauzo.

Tulimuuliza kijana kwa nini basi anaifanya kazi hiyo. Akajibu kwamba ramani haikumwuliza kibali. Jibu hilo lina uzito. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, miongoni mwake kuhusu haki ya kufanya kazi ya mshahara na haki ya kutembea popote nchini. Mwaka 2023 Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, na wengi walikusanywa, maduka yao yakafungwa. Kwa hiyo kijana huyu anaweza kuweka nukta Torino, Roma na Napoli, lakini kwenda Lilongwe kuomba kibarua hawezi bila ruhusa.

Tunajua baadhi ya wenzetu watasema: afadhali, wasije wakatunyang'anya kazi. Tuwajibu kwa upole. Mtu asiye na haki ya kuajiriwa haachi kula. Atafanya kazi kwa siri, kwa bei ya chini, na hawezi kulalamika wala kuingia chama. Anayefaidika hapo ni mwajiri mbaya peke yake, maana kesho atakuambia wewe, raia, kwamba wapo wanaokubali nusu ya mshahara wako. Ukitaka mshahara wako ulindwe, mtake na yule wa pembeni yako awe na mkataba.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne kwa matawi yetu. Kwanza, kila tawi lichague watu wawili wajifunze kuchora ramani hii, waanze na mahali pao pa kazi: vivuko vya reli, njia za miguu, maji, zahanati. Pili, shirika lolote likiwaita vijana kukusanya habari za ramani, lilipe bando na posho, na litoe cheti chenye jina la aliyefanya kazi. Tatu, mtu asikanyage njia ya reli kwa ajili ya picha. Picha nzuri haifai kitu kama mpigaji hayupo. Nne, wazee wa reli watafutwe, popote walipo, na ujuzi wao uandikwe kabla hawajaondoka nao.

Tulipoaga, mzee wa Kalemie na kijana wake walikuwa kwenye nukta nyingine. Tulimsikia kijana akiuliza kabla ya kuandika chochote: "Papa, na hii inasema na nani?" Mzee akavuta kiti karibu.