Kilomita 1,000 za Kwanza: Gari Jipya, Mguu Mwepesi

Tuwe wakweli jamani. Hapa Bongo ukisikia mtu kavuta gari jipya, mara nyingi ni gari lililotembea Japani miaka yake saba au kumi, likashushwa bandarini Dar, likaoshwa na kufungwa namba. Ni jipya kwetu sisi tu. Habari za kuizoesha injini hazikuhusu, maana kuna mzee wa watu kule Osaka alishaimaliza kazi hiyo zamani. Lakini wapo wanaochukua mkopo wa benki na kutoka shoruumu na zero kilometa, nailoni bado iko kwenye siti. Na wapo, tena wengi zaidi, ambao injini yao imefunguliwa gereji ikavalishwa ringi mpya. Kama uko kwenye kundi mojawapo, vuta kiti.

Ndani ya injini, pistoni zinapanda na kushuka kwenye silinda maelfu ya mara kwa dakika. Zimevalishwa ringi za chuma zenye kazi ya kuziba: mgandamizo usivujie chini, oili isipande juu ikaungua. Ukuta wa silinda mpya ukiuchungulia utakuta una mikwaruzo myembamba iliyokatizana kama wavu. Usishtuke, imewekwa makusudi. Ringi na ukuta vinasagana taratibu mpaka vinakaa sawasawa, na mikwaruzo inayobaki inashikilia oili. Kazi hiyo inafanyika mwanzoni tu. Ikiharibika hapo, baadaye utaona gari linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu, na fundi atakuambia maneno ambayo hakuna mwenye mkopo wa miaka mitano anayetaka kuyasikia: tufungue injini.

Sasa, kile kitabu kinachokaa kwenye droo ya dashibodi, ambacho wengi wetu tunakifungua siku taa ikiwaka, kina ukurasa wa jambo hili. Vitabu vingi vya Toyota vinasema hivi: kilomita 300 za kwanza epuka breki za ghafla, kilomita 800 usivute tela, kilomita 1,000 usikimbize sana, usikanyage mafuta kwa pupa, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo, na usiende muda mrefu kwa mwendo ule ule mmoja. Injini za leo zinachongwa kwa ustadi kuliko za wazee wetu, na gari lako huenda likawa na masharti mepesi zaidi au makali zaidi. Kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho, siyo mimi na wala siyo shemeji yako anayejua kila kitu.

Hilo la mwendo mmoja ndilo linalowashangaza watu. Wengi wanadhani gari jipya ni la kubembeleza kama yai, kilomita 40 kwa saa kutoka Mbezi mpaka Posta. Hapana. Ringi zinasukumwa kwenye ukuta na mgandamizo wa moto wenyewe. Ukiibembeleza mno injini, ringi hazibanwi vya kutosha, ukuta unalainika na kung'aa kabla kazi haijaisha. Ukiikaba, joto linazidi na chuma kinakwaruza chuma. Inachotaka ni mabadiliko: ongeza mwendo kwa wastani, achia mafuta, acha gari lenyewe lipunguze, ongeza tena. Mshale wa mizunguko usiufikishe kule kwenye wekundu. Kwa petroli madereva wengi makini wanaishia 4,000, dizeli chini ya hapo. Na kile kitufe cha kuliacha gari lijiendeshe kwa mwendo mmoja, kisahau kwa sasa.

Kwetu suala hili karibu lituletee kununiana. Gari lilifika mwanzoni mwa Desemba, na mume wangu ni mtu wa Moshi. Wasomaji wa Kilimanjaro mmeshaelewa. Zero kilometa halijawahi kusubiri Krismasi ipite. Mpango wake ulikuwa kuondoka wiki ile ile: watoto wawili, dada wa kazi, mchele, sukari, na zawadi za ukoo mzima, kilomita zaidi ya 500 kwa siku moja.

"Gari ni la kuendesha, mama, siyo la kupiga picha," akaniambia.

Nikamjibu, "Sawa baba, lakini mkopo tumesaini wawili."

Safari ndefu peke yake siyo dhambi. Shida ni mzigo mzito, na yale mambo ya kunasa nyuma ya lori halafu unakanyaga mafuta mpaka chini ili uovateki, mara thelathini kwa siku. Nikampa kitabu asome mwenyewe, maana mwanaume akiambiwa na mke ni kelele, akisoma ni utaalamu. Tukagawana. Mimi siku za kazi, yeye jioni moja moja, na Jumapili wote tukaenda Bagamoyo kula samaki. Ile barabara ina vijiji vya kupunguza mwendo mpaka 50 na vipande vya kufunguka, yaani kama imetengenezewa somo hili. Tulipofunga mizigo ya Moshi tarehe 22, dashibodi ilikuwa imevuka 1,000.

Foleni zetu, kwa bahati mbaya, hazisaidii. Kusimama nusu saa injini inaunguruma bila kazi hakuzoeshi chochote, kwa hiyo ukiweza toka mapema. Asubuhi nayo usiliwashe gari ukaenda kunywa chai. Washa, funga mkanda, ondoka taratibu mpaka injini ipate joto lake. Breki na matairi nayo ni mapya, yanahitaji kilomita mia chache kabla ya kushika vizuri. Mpe wa mbele yako nafasi, hasa mvua ikinyesha.

Oili ipime kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Injini mpya inaweza kunywa kidogo mwanzoni, siyo ugonjwa. Ila usikimbilie kuimwaga ile ya kiwandani kwa ushauri wa kijiweni. Watengenezaji wengine wanataka ibaki mpaka sevisi iliyopangwa. Kwa injini iliyofunguliwa gereji ni tofauti. Huko oili ya kwanza hubadilishwa mapema, kwa sababu inabeba vumbi la chuma, na aliyeifunga ndiye akupe kilomita. Mwambie akuandikie kwenye karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo kitabu hakina. Gari jipya mtaani ni gari la harusi. Kabla hujamaliza wiki, binamu atapiga simu: "Tunaliomba kwenye msafara Jumamosi, tutaliwekea mafuta." Msafara wenyewe unaujua: watu sita ndani, dereva usiyemfahamu, honi, kutambaa kwenye gia ndogo, halafu mbio za kuziba pengo. Kubalianeni jibu ninyi wawili kabla simu haijalia. Sisi tulisema mwezi ujao.