Oili ya Kwanza ya Gari Jipya Imwagwe Wapi?

Oili ya kwanza ya gari jipya inaweza kumwagwa kwenye karakana ya wakala aliyeuza gari, kwenye kituo cha servisi mjini, au kwa fundi wa gereji ya karibu. Kwa mkazi wa Lupepo wilayani Rungwe, umbali una uzito wake katika uamuzi huo. Mafundi wapo Tukuyu. Maduka makubwa ya vipuri na vituo vya servisi viko Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu kwa barabara ya Kiwira, Isongole na Uyole. Mawakala wengi wa magari wana makao yao Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Kinachoamua zaidi ni aina ya gari lenyewe. Gari la kilomita sifuri, lililotoka kiwandani na kuuzwa na wakala, huja na waranti na kitabu cha servisi. Mtengenezaji ndiye aliyeweka oili iliyomo, na si kila mtengenezaji hutaka imwagwe mapema. Honda, kwa mfano, hushauri oili ya kiwandani ibaki mpaka muda wake ufike, kwa kuwa ina viambato vinavyosaidia vyuma vipya kuzoeana. Mawakala wengi huweka ukaguzi wa kwanza kwenye kilomita 1,000, kisha servisi kwenye kilomita 5,000. Atakayeliendesha gari hilo kutoka Dar es Salaam hadi Rungwe atafika akiwa amebakiza kidogo kutimiza kilomita 1,000 hizo. Hivyo swali la wapi lipate jibu kabla gari halijaondoka Dar: wakala aulizwe ni karakana ipi ya Mbeya anayoitambua, na jibu liwe la maandishi.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kuifuta waranti kwa sababu tu gari limehudumiwa kwingine. Sheria hiyo haimhusu mnunuzi wa Tanzania; yeye ashike masharti yaliyo kwenye karatasi aliyotia sahihi. Maadamu waranti bado ipo, safari ya Mbeya kufuata muhuri wa kitabu cha servisi ni nafuu kuliko kununua injini.

Magari ya namna hiyo si mengi Rungwe. Gari jipya kwa familia nyingi ni Noah, Probox, IST au Hiace iliyotumika Japani ikashushwa bandari ya Dar es Salaam. Hili halina waranti ya kiwanda ya kulinda, na historia ya oili yake haijulikani vizuri. Dalili moja huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva: kistika kidogo cha gereji ya Japani chenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili kubadilishwa. Mara nyingi mwaka huandikwa kwa kalenda ya Kijapani, hivyo H30 ni 2018 na R3 ni 2021. Kistika kikiwepo au kisiwepo, oili ya gari hilo imwagwe mara moja, na ikiwezekana kabla ya safari ndefu ya kutoka Dar. Kama limeshafika nyumbani, hakuna sababu ya kulipeleka mbali. Fundi mzuri wa Tukuyu anatosha, mradi oili na filta vinunuliwe na mwenye gari mwenyewe, kwenye duka linalotoa risiti, na kopo liwe na lakiri ambayo haijaguswa. Oili bandia hujazwa kwenye makopo ya majina makubwa, na kwa macho haitambuliki kirahisi.

Namba ya oili hutoka kwenye kitabu cha gari au kwenye mfuniko wa kujazia. Kwenye 5W-30, namba ya kwanza huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili uzito wake kwenye nyuzijoto 100 za Selsiasi. Wapo mafundi wanaoamini oili nyepesi ni ya nchi za baridi tu, wakaweka 20W-50 kwenye kila gari. Ushauri huo haufai kwa injini za siku hizi. Injini ya VVT-i hutumia msukumo wa oili kupanga vali zake, na oili hiyo hupita kwenye vichujio vyembamba sana. Tena Tukuyu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kweli. Oili nzito huchelewa kupanda juu ya injini hasa saa hizo.

Fundi hupimwa kwa mikono yake. Gari lisimame pasipo na mwinamo, injini ikiwa na uvuguvugu. Kwenye baadhi ya magari, bolti ya kumwagia oili ya injini iko jirani na ya giaboksi. Asiye makini hufungua ya giaboksi, kisha akajaza oili juu ya oili kwenye injini. Filta ya zamani ikitoka, ringi yake ya mpira itoke nayo, kwani ikibaki imeganda oili itavuja. Filta mpya hupakwa oili kwenye ringi na kukazwa kwa mkono. Kipimo nacho kina makosa yake: injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Probox nyingi huchukua lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni ya lita 4 haimiminwi yote. Injini iwashwe dakika chache, izimwe, oili ishuke, ndipo kijiti kisomwe. Mwenye gari asimame hapo kazi yote ikifanyika.

Muda wa kurudi nao utazamwe. Barabara hushuka kutoka miinuko ya Isongole hadi Kyela karibu na Ziwa Nyasa, mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na safari nyingi ni fupi, zenye matope na mizigo. Hiyo ndiyo watengenezaji huiita kazi ngumu. Kilomita 5,000 ni kipimo salama kuliko 10,000.

Oili chafu haimwagwi kwenye mtaro. Maji ya Rungwe huingia mito ya Kiwira na Mbaka, na mito hiyo huishia Ziwa Nyasa. Gereji isiyo na pipa la kuhifadhia oili iliyotumika isipelekewe gari, hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote.